Maji ya Mheshimiwa Mtarajiwa

Sehemu ya Kumi na Moja

Mkono uliomshika Ephrasia begani, nyuma ya ghala la kahawa, haukuwa wa polisi. Haukuwa wa mlinzi, na haukuwa wa mzimu, ingawa najua wako wasomaji wawili pale Bilele, Bukoba mjini, waliowekeana dau la soda juu ya jambo hilo. Nyote wawili mmekosa. Ulikuwa mkono wa fundi bomba.

"Ma Ephrasia, bojo, tafadhali, usipige kelele," akasema Mushumbusi. "Ukipiga kelele mimi nimekwisha."

"Ondoa mkono kwanza. Mimi si bomba."

Akauondoa upesi kama aliyeshika sufuria ya moto.

Na wewe ambaye gazeti la juma lililopita jirani yako alifungia dagaa, sikiliza haraka, maana sirudii. Tuko kata ya Rwemihanga, wilaya ya Muleba, kampeni za udiwani zimepamba moto. Mutalemwa, muuza dizeli wa Bukoba mjini, amekuja kuomba kura na mabomba manne mapya yanayong'aa, ameyasimika katikati ya senta, eti ameleta maji kutoka mlimani. Anachotaka yeye ni kidogo tu: wananchi wakubali iziba, ile chemchemi iliyo chini ya kibanja cha migomba cha Ephrasia, izungushiwe uzio na ikabidhiwe "mradi". Mradi ni wa nani? Wa Mutalemwa. Nguzo za uzio zimeshashushwa. Leo alasiri watu wananyoosha mikono.

Iziba hilo halijawahi kufungwa tangu babu wa babu wa Rwekaza, marehemu mume wa Ephrasia. Mwenye ndoo anateka, mwenye kibuyu anateka, asiye na kitu anakunywa kwa kiganja. Hata zahanati inateka pale. Sasa asubuhi hii Ephrasia kafuata bomba la plastiki lililofukiwa kutoka kwenye mabomba yale, ajue mlimani linafika wapi, na baada ya hatua hamsini tu likamleta hapa, chini ya rundo la majani makavu ya migomba.

Akayafunua tena yale majani.

"Hiki ni nini?"

"Tangi, mama."

"Naona ni tangi. Sijakuuliza jina lake."

Mushumbusi akameza mate. "Ni maji ya saa mbili hivi. Yanatosha mheshimiwa ahutubie, watu wapige picha, basi. Yakiisha, yameisha."

"Mheshimiwa? Kura hazijapigwa, wewe umeshampa uheshimiwa?"

"Mheshimiwa mtarajiwa," akajirekebisha.

"Na maji mmeyatoa wapi?"

Fundi akaangalia vidole vya miguu yake. Ephrasia akasubiri. Mwanamke huyu ana subira mbaya sana, ya kukutazama tu mpaka useme mwenyewe.

"Kwako," akasema Mushumbusi. "Alfajiri. Tulikuja na gari, tukavuta na pampu."

Ephrasia akacheka, lakini si kicheko cha furaha. Yaani mtu anaiba maji yako, anakuja kukuonyesha maji yako, halafu anakuomba kura na chemchemi juu! Akafungua mfuniko wa tangi achungulie. Alipoinamisha kichwa tu, akakirudisha.

"Mbona yananuka?"

"Hayanuki sana."

"Mushumbusi!"

"Lilikuwa la dizeli, mama. Tangi lake la kule mwaloni, ufukweni, anakouzia mafuta ya injini za mitumbwi. Nimelisuuza kwa sabuni ya unga mara tatu, Mungu ananiona."

"Anakuona, ndiyo. Na watoto watakaokinga midomo pale bombani, nao anawaona?"

"Yeye alisema hakuna atakayekunywa. Alisema watu wa vijijini wakiona bomba wanashangilia tu." Akapiga goti kwenye majani. "Ma Ephrasia, nikitajwa hapa sipati kazi tena kuanzia Kashozi hadi Kishanda. Nina watoto. Usinitaje. Na tangi usilitaje, maana nani mwingine angelisema kama si mimi?"

Ephrasia akamwangalia kwa dharau, kisha kwa huruma, kisha kwa vyote viwili. Akafungua fundo la kanga yake. Ndani mlikuwa na punje chache za kahawa ya kutafuna. Akatia moja kinywani mwake, akaitafuna kwanza yeye, kama ilivyo desturi ya mtoaji, ndipo akampa fundi ya pili.

"Tafuna. Sitakutaja wewe, wala tangi sitalitaja. Nimeapa."

Najua mnalolisema huko mliko. Mnasema: mjinga huyu mwanamke! Ushahidi kaushika, halafu anauapia usitoke! Ngojeni. Akiwa bado anatafuna ile punje, Ephrasia alisimama ghafla, taya limeacha kwenda, akatazama kiganja kilichotoa kahawa. Kisha akatabasamu na kwenda zake nyumbani kuchukua kikombe.

Njiani akakutana na Mwajuma, muuza chapati wa pale senta, mzaliwa wa Bukoba mjini ambaye ulimi wake haujawahi kulala.

"Shoga, nimepita kwako asubuhi kuteka," akasema Mwajuma. "Mkungu umekomaa pale kaburini. Mumeo hodari! Amekufa miaka mitano, bado anakulisha."

"Nyamaza, we! Usimtanie marehemu."

Lakini akacheka. Maana habari ya kaburi lile kata nzima inaijua. Rwekaza alizama ziwani akitoka visiwani, mtumbwi ukaonekana na mwili haukuonekana. Ukoo ukafanya yanayofanywa mwili ukikosekana: wakazika mgomba badala yake, wakauvika shuka, wakaulilia. Tatizo ni kwamba shemeji zake Ephrasia walikuwa wamekunywa rubisi, pombe ya ndizi, tangu asubuhi. Mgomba wa kuzika hukatwa shina tupu. Wao wakaung'oa na tunguu lake lote, wakaufukia. Mvua zilipokuja, marehemu akachipua.

Wazee walikasirika, wakasema ng'oa. Ephrasia akakataa. Sasa ni shina la migomba mitatu, njia ya kwenda kwenye iziba inapita kandokando yake, na kila akipita anasema, "Ta Rwekaza, habari za asubuhi." Kibanja ni cha mumewe, iziba ni la kibanja, na kwa kuwa mume hayupo wa kusema neno, yeye ndiye mlinzi. Ukoo ulilikubali hilo mbele ya kaburi.

Haya. Twende senta, mabwana wakubwa wanatusubiri.

Chini ya turubai mlikuwa na meza moja na wagombea wawili, na sijui mungu gani alikasirika akaipa kata moja watu wawili namna hii. Kulia alikaa Aroni, diwani anayemaliza muda, miaka kumi kitini na kiti kimechoka kuliko yeye. Kushoto alikaa Mutalemwa, suti ya kijivu kwenye jua la saa tisa, viatu vyenye ncha. Mbele yake chupa tatu za maji ya dukani. Nyuma yake gari lake jeusi, vioo vyeusi, injini inanguruma ili ndani kubaki baridi. Ndani kuna nani? Hakuna aliyejiuliza.

Mwalimu mstaafu Kahangwa, msimamizi wa mdahalo, akagonga kengele ya shule.

"Wagombea, mtueleze sera zenu juu ya huduma. Maji, umeme, zahanati. Dakika tano kila mtu. Aroni, anza."

Aroni akajikohoza. "Ndugu zangu, kazi zangu zinaonekana hata usiku! Ni nani aliyeleta taa za barabarani za sola? Ni mimi!"

"Ngapi?" sauti ikauliza.

"Taa za sola ni mradi mkubwa sana..."

"Ngapi, Ta Aroni?"

"Tatu."

Watu wakaguna. Taa ya kwanza iko getini kwake. Ya pili iko mlangoni pa baa yake. Ya tatu iko barabarani kweli, imesimama peke yake juu ya kichuguu, mchwa wanakula wakiona vizuri.

"Na zahanati?" akauliza mama mmoja aliyebeba mtoto mgongoni. "Tangi la zahanati lina ufa tangu mwaka juzi. Huyu mgongoni nilikwenda kumzaa na ndoo yangu kichwani, uchungu umenishika. Nisingepita kwa Ma Ephrasia ningezalia kwenye vumbi."

"Suala hilo liko kwenye mchakato," akasema Aroni, akaketi na dakika zake tatu mkononi. Mchakato! Neno hilo limezeeka katika kinywa chake mpaka limeota mvi.

Mutalemwa akasimama. Huyu yeye hakuwa na haya ya kujikohoza. Akatoa karatasi mfukoni, akavaa miwani.

"Ndani ya siku mia moja," akasoma, "maji bombani! Umeme kila nyumba! Na gari la taka, kila Jumanne, mlangoni kwako!"

Watu wakatazamana.

"Taka zipi?" akauliza mzee mmoja kwa upole.

"Taka za nyumbani. Maganda ya ndizi na kadhalika. Yatazolewa yote, bure!"

"Uyazoe uyapeleke wapi?"

"Dampo."

"Waitu, na migomba yangu itakula nini?"

Senta nzima ikaangua kicheko. Mtoto wa miaka minne wa Rwemihanga anajua kwamba ganda la ndizi hurudi kwenye shina la mgomba, linaoza, linakuwa mbolea, na ndizi inazaa ndizi. Huyu anataka kuwabebea mbolea yao kwa gari na kuwaomba kura kwa hisani hiyo! Akageuza karatasi haraka, akatafuta pa kushika.

"Na mitaro yote ya maji machafu itafunikwa! Bilele oyee!"

Bilele? Hapa ni Rwemihanga! Aliyataja mwenyewe makazi yake kwa mdomo wake mwenyewe. Sera zile ziliandikwa kwa ajili ya kata ya mjini, huko wenzake wa chama wakamtupa kwenye kura za maoni, akaona karatasi isiharibike, akaileta Muleba. Makapi ya mjini ndiyo sera ya shamba.

Lakini msimdharau sana, maana mjanja hata akianguka huanguka na kitu mkononi. Mutalemwa akaitupa karatasi mezani, akanyoosha mkono kwenye mabomba.

"Achana na maneno! Mimi si mtu wa maneno. Fungua!"

Mushumbusi akafungua. Maji yakaruka, yakametameta juani. Watoto wakapiga kelele, akina mama wakasogea, simu zikainuliwa juu. Nasema ukweli wangu, hata Mwalimu Kahangwa alipiga makofi. Miaka sitini na tisa mzee wa watu hajaona maji yakitoka bombani katika kata yake.

"Haya ni mwanzo tu!" akapaza sauti Mutalemwa. "Lakini mradi hauwezi kuendelea bila chanzo. Lile iziba limekaa ovyo, mbuzi wananywa, watu wanafulia. Nipeni iziba, nilizungushie uzio, nilitunze kitaalamu, niwape maji bombani!"

"Bei gani ndoo?" Mwajuma akauliza.

"Mtachangia kidogo tu."

"Kidogo ni ngapi?"

"Kidogo ni kidogo, dada."

"Na sasa hivi kwa Ma Ephrasia tunachangia ngapi?"

Mutalemwa akamgeukia msimamizi. "Mwalimu, pigisha kura. Wananchi wamechoka na maswali."

Na kweli, Ephrasia akitazama nyuso zile aliona mambo yameharibika. Maji yalikuwa yanaruka. Ukweli wa bomba unaruka mbele ya macho, na maneno ya mjane ni maneno tu. Mikono ilikuwa imeshaanza kujiandaa. Akasimama.

"Mwalimu, naomba nafasi."

"Una dakika mbili, Ma Ephrasia."

"Dakika mbili sizihitaji." Akainua kikombe chake cha bati, cheupe chenye ukingo wa bluu. "Nataka maji."

Akaenda bombani, akakinga, kikajaa. Akakibeba kwa mikono miwili mpaka mbele ya meza, akapiga magoti kama mwanamke anavyompokea mgeni wa heshima. Watu wakanong'ona kwa kuridhika. Mutalemwa akatabasamu mpaka jino la mwisho, akageuza uso upande wenye simu nyingi.

"Waitu mheshimiwa mtarajiwa," akasema Ephrasia, "umetuletea maji. Asante."

"Karibuni sana, mama yangu."

"Sasa tupe."

"Niwape nini tena? Si hayo?"

"Utupe. Haya maji umesema ni yako, basi wewe ndiwe mwenyeji, sisi ni wageni wako. Kwetu anayetoa huonja kwanza. Rubisi huonjwa na mwenye kibuyu. Kahawa hutafunwa kwanza na mwenye kapu, mgeni ajue hapewi sumu. Onja, baba, nasi tunywe."

"Ndiyo!" akasema yule mzee wa maganda. "Ndivyo ilivyo."

"Aonje!" wakaitikia akina mama.

Jambo dogo kabisa! Hata mchawi angeona aibu kulikataa. Mutalemwa akapokea kikombe, akakileta puani, na pua ikamsaliti. Ilikunjamana mbele ya watu mia tatu. Juu ya maji, kama ungekuwa karibu, ungeona rangi za upinde wa mvua zikizunguka polepole.

"Mimi," akasema, "nina vidonda vya tumbo. Daktari amenikataza maji."

"Na hizo chupa tatu mezani ni mafuta ya taa?" akauliza Mwajuma.

Vicheko. Jasho likamtoka chini ya suti.

"Tena leo nimefunga. Ni siku ya maombi yangu binafsi."

"Umefunga saa ngapi? Chapati zangu nne ulizokula asubuhi na supu ziliingia tumbo la nani?"

Hapo watu walishikana mabega kwa kucheka. Na nani akaona huu ndio wakati wake? Aroni! Akaruka kutoka kitini kama kijana.

"Mnamwona, ndugu zangu? Anaogopa maji yake mwenyewe! Kiongozi wa kweli anakunywa wanachokunywa wananchi wake! Ningekuwa mimi ningekipiga chote!"

Ephrasia akainuka, akakichukua kikombe mkononi mwa Mutalemwa, akakipeleka upande wa pili wa meza.

"Haya, Ta Aroni. Piga chote."

Aroni akatazama kikombe. Akatazama watu. Akakinusa kwa mbali, kwa adabu kubwa.

"Hilo bomba," akasema, "halimo katika sera zangu." Akaketi.

Nawaulizeni, wasomaji wangu, mmewahi kuona wanaume wawili wanaotaka kuongoza watu elfu sita wakishindwa na kikombe kimoja cha bati? Wanaweza kumeza kata nzima, mchanga na mawe, wasikohoe. Kikombe cha maji kikawakwama. Huko nyuma ya umati Mushumbusi alikuwa ameinamisha kichwa, na hakuna aliyemtazama, kwa kuwa hakuna aliyemtaja. Ephrasia alikuwa ameshika kiapo chake.

Mzee wa maganda alikwenda bombani mwenyewe, akakinga kiganja, akanusa, akakung'uta mkono. "Fungeni hili bomba," akasema. "Watoto, tokeni hapo."

Mwalimu Kahangwa akagonga kengele. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Wanaokubali iziba liwekewe uzio, wanyooshe mikono."

Ukapanda mkono mmoja, wa dereva wa Mutalemwa. Akajitazama yuko peke yake, akaugeuza ukawa wa kujikuna kisogo.

"Wanaokataa?"

Mikono ikawa msitu. Akina mama wakapiga vigelegele, Mwajuma akamkumbatia Ephrasia nusura amwage kikombe. Ephrasia akafumba macho. Iziba limebaki. Akacheka peke yake kama mtoto, na machozi yakamtoka asiyafute.

Hadithi ingeishia hapa, nami ningekwenda kula. Lakini alipofumbua macho akamwona Mutalemwa anapiga makofi. Polepole, kwa dharau.

"Mmemaliza kucheka?" akasema. "Chekeni, ni bure. Mimi nilikuja hapa kwa heshima, kuwaomba kitu ambacho si chenu. Iziba si la kijiji. Na wala si la huyu mama. Mwenye kibanja alishanipa."

Akafungua lile koti la suti, akatoa katika mfuko wa ndani karatasi nyingine, hii ina mhuri. Akampa Mwalimu Kahangwa. Mwalimu akavaa miwani, akasoma kimoyomoyo, akaivua, akaifuta, akasoma tena.

"Hapa pameandikwa," akasema, "kwamba mimi, Rwekaza, mwenye kibanja, kwa hiari yangu nimekitoa chanzo cha maji kwa mradi." Akasita. "Tarehe ni ya leo."

Kicheko kikapasuka kikubwa kuliko vyote vya siku ile.

"Marehemu kasaini!"

"Kalamu alipewa na nani huko ahera?"

"Mkamateni, huyo tapeli!" Aroni akafoka, naye utapeli anaujua vizuri, ni fani yake.

Ephrasia naye alikuwa anacheka alipoipokea karatasi. Ameshika kikombe mkono wa kulia, karatasi mkono wa kushoto. Akashusha macho mpaka chini, pale penye alama ya dole gumba. Kicheko kikamkauka mdomoni.

Rwekaza hakujua kuandika. Aliweka dole gumba maisha yake yote, kwenye chama cha msingi cha kahawa, kwenye cheti cha ndoa kule Kashozi. Na dole gumba lile lilikuwa na kovu la panga, limekata mshazari kutoka juu kushoto hadi chini kulia, alilipata mwaka wa kwanza wa ndoa akimkatia mkewe mkungu. Ephrasia mwenyewe ndiye aliyelifunga kwa kitambaa cha kanga. Kovu ndilo hili. Liko hapa, kwa wino wa zambarau, mshazari uleule.

Labda ni karatasi ya zamani. Labda walibadilisha tarehe. Akapitisha kidole chake juu ya alama ile, taratibu.

Wino ukamshika, bado mbichi.

"Ephra?" Mwajuma akamsogelea. "Ephra, vipi?"

Ephrasia akawaza. Mutalemwa anauza dizeli visiwani. Mutalemwa anajua kila mtu anayejificha visiwani. Miaka mitano! Miaka mitano ya kuvaa nguo za msiba, kulala peke yake, kuusalimia mgomba kila asubuhi. Kama huyu mtu yuko hai, basi hakuzama. Alimkimbia. Na kama yuko hai, kibanja ni chake, neno ni lake, na iziba limekwenda na vigelegele vyote hivi. Mwanasheria wa mjini angesema mke naye ana haki yake, lakini mwanasheria hakuwepo, walikuwepo wazee wa ukoo, nao walikuwa wameshaanza kutazamana.

Ndipo Ephrasia, mwanamke aliyelia kaburini mpaka sauti ikamwishia, akajikuta anaomba moyoni: ee Mukama, mume wangu awe amekufa. Awe amekufa kweli. Akajisikia vibaya kuliko siku ya msiba, lakini ombi hakuliondoa.

"Mnataka ushahidi?" Mutalemwa akauliza. Akaligeukia gari lake jeusi, akapiga bodi kwa kiganja mara mbili.

Dereva akakimbilia usukani, akazima injini. Mlango wa nyuma ukafunguka, ukatoka mguu wenye kandambili, kisha mguu wa pili. Mtu akasimama, mnene kuliko alivyozikwa, ndevu zimetiwa rangi, dole gumba la kulia lina wino wa zambarau. Mama mmoja akapiga yowe, "Mawe, mama yangu!" akakimbia. Wazee wa ukoo wakasimama, na shemeji aliyezika mgomba na tunguu lake akaketi chini palepale kwenye vumbi.

Rwekaza hakuwatazama. Alipita katikati yao, nao wakampisha, mpaka akafika mbele ya mkewe. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyetoka sokoni kuchelewa kidogo.

"Ephra," akasema, kana kwamba aliondoka jana. "Jua kali. Nina kiu."

Macho yake yakatua kwenye kikombe cha bati. Alikuwa garini, vioo juu, injini inanguruma. Hakusikia neno la mdahalo, hakusikia cha kuonja wala cha kunusa.

"Hayo ni ya iziba letu?" akauliza.

"Ndiyo," akasema Ephrasia, na hakuwa amesema uongo. "Ni ya iziba letu."

"Basi nipe."

Mwajuma akafungua mdomo, kisha akauziba kwa kiganja. Mutalemwa alikuwa amekunja uso, ameelewa, lakini atasemaje? Akimzuia mtu wake asinywe, atakuwa amekiri ubaya wa maji yake kwa kinywa chake.

Rwekaza akanyoosha mkono wenye kovu. Ephrasia hakumpa. Watu mia tatu walikuwa wanamwangalia, na wote waliijua desturi ya mtoaji kuonja kwanza, maana yeye mwenyewe ndiye aliyewakumbusha muda si mrefu.

Akainua kikombe, akakileta midomoni mwake, yeye kwanza.